Vyombo ni vya Nani?

Mwaka 1916 Waingereza walipoichukua Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, walihitaji mahali pa kuwaweka wapagazi wao, wale watu waliobebeshwa risasi na vyakula vya jeshi mpaka wengi wakafia njiani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Kambi ikaisha, jina likabaki, na ulimi wa pwani ukalichukua ukalipika upya: Kariakoo. Leo hakuna mama muuza dagaa anayelisikia kama jina la kigeni.

Naanza na jina hilo kwa sababu ya ubishi mmoja. Tulikuwa wanne kijiweni, nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, kahawa na kashata mkononi, mshikaji mmoja akaleta habari za wanamuziki wa siku hizi wanaoweka zeze na marimba pamoja na gitaa na saksafoni. Akasema hayo mambo yameletwa na matamasha ya Ulaya. Eti Mzungu ndiye aliyetufundisha kuchanganya ngoma na jazi, sisi tulikuwa tunaiga rumba tu. Nikamwambia anawatukana wazee. Akanijibu: wewe si unajifanya mwandishi, basi andika. Haya, nimeandika.

Lakini nilipoanza kuwauliza wazee niligundua swali langu lenyewe lilikuwa bovu. Mimi nilikuwa nauliza nani alianza kuchanganya. Wao wananijibu habari za vyombo: nani alivinunua, nani alivifungia stoo, nani aliondoka akaviacha. Mwanzoni niliona wazee wanatoka nje ya mada. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hiyo ndiyo mada.

Turudi nyuma basi. Baada ya ile vita mji ulishikwa na beni, neno la Kiingereza lililovaa kanzu. Vijana walijipanga kama askari, wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashindana barabarani kwa gwaride, tarumbeta na ngoma. Makundi yalikuwa mawili, Marini na Arinoti. Marini walijiona wasomi na watu wa mjini hasa, Arinoti wakawa na watu wa kazi za suluba. Simba na Yanga kabla ya Simba na Yanga. Wakoloni waliyatazama kwa jicho la pembeni, maana mtu mweusi akijiita jenerali, hata kwa mchezo, bwana mkubwa hapati usingizi.

Mwaka 1932 ikaanzishwa Dar es Salaam Jazz Band. Hapa lazima niseme neno juu ya hilo "jazz", kwa sababu vijana wengi linawapoteza. Halikuwa na maana ya Louis Armstrong. Kwetu jazi ilikuwa bendi ya dansi: watu wenye vyombo vya kisasa, wanaopiga ndani ya ukumbi, wacheza dansi wamevaa viatu. Humo ndani ungekuta tarumbeta iliyotoka kwenye beni, baadaye gitaa, baadaye santuri za GV zilizoleta muziki wa Cuba. Zile santuri watu wa pwani walizipokea kama barua ya ndugu aliyepotea. Ndani ya mirindimo ya Cuba mlikuwa na Afrika iliyovushwa bahari kwa minyororo. Tulisikia kitu chetu kikirudi na lafudhi ya ugenini.

Zikaja nyingine. Western Jazz ilianza mwaka 1959, na ninaomba usicheke, lakini niliwahi kumsikia kijana akisema hao walijiita hivyo kwa kupenda mambo ya Kizungu. Western ni Jimbo la Magharibi, yaani Tabora na Nzega! Walikuwa watu wa bara waliohamia mjini, na mtindo wao waliuita Saboso. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande jina lake linajieleza. Bendi hizi zilikuwa vilabu kwanza, bendi baadaye. Ukitoka kwenu unatafuta wa kwenu, mnachangishana, mnakuwa na mahali pa kuzikana na mahali pa kucheza. Vyombo vikawa vya klabu, na klabu ni ya wanachama. Hilo lishike, tutalirudia.

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge siku aliyokuwa Rais, alitangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana, na akalalamika kwamba wasomi wetu wanajua kucheza rumba na chachacha na madansi ya Wazungu, lakini ngoma kama gombe sugu au mangala wengine hawajawahi hata kuziona. Hotuba hiyo inatajwa mpaka leo. Kinachosahaulika ni kwamba serikali ilipotaka utamaduni wa taifa iliweka ngoma upande mmoja na dansi upande mwingine. Ngoma ndiyo mali yetu, dansi ni la kuazima. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa zeze na ilimba, alichukuliwa kuja Dar es Salaam katika kundi la taifa la ngoma, na baadaye akawa mmoja wa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo mpaka alipofariki Desemba 2003. Heshima kubwa, na aliistahili. Ila wale waliokuwa wakipiga rumba kwa mkono wa ngoma hawakuwa na kabati la kuwekwa.

Sasa kabati likapatikana, tena la ajabu. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, vyama vya wafanyakazi vilivunjwa kikaundwa kimoja, NUTA. Mwaka huohuo NUTA ikawa na bendi. Miongoni mwa waimbaji wake alikuwamo kijana wa Masaki, Kisarawe, aitwaye Muhidin Maalim Gurumo. Kwa mara ya kwanza mwanamuziki wa dansi akawa mwajiriwa mwenye mshahara, kama karani. Wengine wakaiga. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz mwaka 1970, vijana wa chama wakawa na Vijana Jazz mwaka 1971, polisi wakawa na yao, jeshi likawa na yake. Nchi nyingine zilikuwa na makampuni ya santuri. Sisi tulikuwa na mashirika ya umma. Vyombo vikahama kutoka kwa wanachama vikaenda kwa mwajiri.

Na hapo, katikati ya mishahara na vitambulisho vya kazi, ndipo ngoma ilipoingia ndani ya gitaa sawasawa.

Tazama majina. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina ambalo wapenzi walilijua kuliko jina la bendi. NUTA walijiita Msondo. Msondo ni ngoma, ile ndefu. Bendi ya chama cha wafanyakazi, yenye saksafoni na magitaa ya umeme, inajitambulisha kwa jina la ngoma ya kijijini! NUTA ikageuka JUWATA, JUWATA ikageuka OTTU, vyama vikaja na kuondoka, na mwisho wa yote bendi ikabaki inaitwa Msondo Ngoma. Lile jina la pembeni lilimeza majina yote ya ofisini.

Mlimani Park Orchestra nao, walioanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, walichukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Gurumo alikuwa ameondoka JUWATA na kuwa mmoja wa waanzilishi. Alikuwapo Abel Balthazar kwenye gitaa, alikuwapo Cosmas Chidumule, akaja Hassani Bitchuka na sauti yake ya juu. Akaja pia Michael Enoch, ambaye wenzake walimwita Ticha, na usifikiri ni utani: huyu alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz, ileile ya 1932. Kwa hiyo ndani ya Sikinde palikuwa na mnyororo mzima, kutoka enzi za beni na gwaride mpaka kwenye spika za umeme, umekaa kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Mchanganyiko wenyewe ulifanyikaje? Usiutafute kwenye mavazi wala kwenye hotuba. Usikilize jinsi wimbo ulivyojengwa. Nusu ya kwanza ni ya maneno. Mwendo wa pole, mwimbaji anakusimulia kisa cha ndoa, cha mtoto mpotevu, cha rafiki aliyekula fedha, na watu wanacheza huku wanasikiliza kama wako barazani. Kisha wimbo unageuka. Hicho kipande cha pili wenyewe wanakiita chemko. Maneno yanapungua, ala za upepo zinaingia kwa pamoja, na magitaa yanaanza kazi ambayo si ya gitaa: solo anashika kipande kidogo na kukirudia, gitaa la pili linajibu kwenye nafasi alizoziacha, ridhimu anashona katikati, besi inaongea na tumba. Hakuna hata mmoja anayepiga wimbo mzima. Wimbo uko kati yao. Sasa nenda Kisarawe kwenye ngoma, tazama wapigaji watatu au wanne, kila mmoja na pigo lake fupi linaloonekana halina maana likiwa peke yake. Utakuwa umeshaiona chemko bila waya hata mmoja.

Mjomba wangu alikuwa mpiga tumba. Bendi yake sitaitaja, maana wengine bado wapo na mimi bado nakatiza mitaa hiyohiyo. Yeye hakusomea popote. Alishika ngoma akiwa mtoto, kwa babu yake, akaja mjini kubeba mizigo, jioni akawa anazubaa dirishani bendi ikifanya mazoezi, siku moja mpiga tumba akaugua. Nilimuuliza: mjomba, mlikuwa mnakaa mnapanga kwamba hapa tuweke pigo la Kizaramo, hapa tuweke rumba? Akaniangalia kama nimemuuliza anatumia mguu gani kupumua. "Mwanangu," akasema, "mkono ulikuwa mmoja tu."

Kisha, bila kuulizwa, akaanza habari za stoo. Mwenye bendi alikuwa na ufunguo. Mazoezi yakiisha, kila kitu kinarudi ndani na kuhesabiwa, mpaka vijiti vya drams. Ile miaka ya mwanzo ya themanini, nchi haina fedha za kigeni, dukani hakuna sabuni, sembuse nyuzi za gitaa. Wakawa wanachuna waya wa breki ya baiskeli. Chombo kikiharibika kimeharibika. Mwanamuziki akigombana na mwenye ufunguo anatoka mikono mitupu, na kila alichokibuni kinabaki ndani pamoja na ile tumba. Mjomba alitoka hivyo. Miezi kadhaa baadaye alisikia wimbo alioupigia ukipigwa redioni, tumba yake mwanzo mpaka mwisho, yeye akiwa anauza nazi.

Redio ndiyo mlango wa pili uliokuwa na ufunguo. Hapa nchini hakukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Waliobahatika walikwenda Nairobi. Waliobaki walirekodi Radio Tanzania, studio ya Pugu Road, na mkanda ukabaki kwenye maktaba ya redio. Lazima niwe mkweli: bila ile studio tusingekuwa na lolote la kusikiliza leo. Utajiri wa kule hauhesabiki, na kila mwandishi kijana angeomba akae humo mwezi mzima. Lakini waliopiga hawakuondoka na nakala yenye bei. Kilichozunguka mitaani ni kaseti zilizorekodiwa kutoka redioni na kudurufiwa vibandani.

Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini wanamuziki wetu walihamahama kama wachezaji wa mpira. Magazeti yaliwaita wasaliti, wapenzi walilia. Mlimani Park ilipochukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983, ikapata ukumbi wa uhakika, DDC Kariakoo, na Jumapili watu walijaa mpaka nje. Miaka miwili tu baadaye Gurumo, Balthazar na wenzao wakahamia Orchestra Safari Sound ya Hugo Kisima, ambaye alikuwa na vyombo vipya. Wakaanzisha Ndekule. Tunasimulia kisa hiki kama ugomvi wa majina makubwa. Mimi nasikia mtu asiye na chombo akimfuata mwenye nacho, na kubeba kile pekee alichoweza kubeba bila kuonekana getini: namna ya kupiga. Ndiyo maana mikono ya Sikinde ilisikika Ndekule, na ya Msondo ilisikika Sikinde. Mchanganyiko ulienea mjini kwa miguu ya watu waliofukuzwa au kutoroka.

Gurumo mwenyewe alirudi Msondo, akaimba mpaka alipotangaza kustaafu mwaka 2013, zaidi ya miaka 50 jukwaani. Mwaka huo Diamond Platnumz, kijana wa Bongo Fleva, akamzawadia gari. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Usiku nikafikiri: nusu karne ya nyimbo, na gari limetoka kwa mjukuu. Alifariki Aprili 2014 na kuzikwa kwao Masaki.

Sasa ile hoja ya mshikaji kuhusu Wazungu. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja London, wakatafuta jina la kuweka kwenye rafu za maduka kwa ajili ya muziki wa watu kama sisi. Wakakubaliana: muziki wa dunia. Mwaka uliofuata Remmy Ongala na Super Matimila wakaalikwa Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka albamu yake kwa Real World, nyingine ikafuata 1992. Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Alichanganya sukusi ya kwao na maneno na midundo ya huku, akaita mtindo wake Ubongo. Kila alichokwenda nacho Uingereza kilikuwa kimeshaiva kwenye mabaa ya Dar es Salaam. Vyombo vya Matimila navyo vilikuwa vya mfanyabiashara. Alifariki Desemba 2010, na kituo cha daladala Sinza bado kinaitwa kwa Remmy. Rafu ya London haijawahi kupewa jina la mtu.

Mwaka 1985 alipoingia Mzee Mwinyi, biashara ikafunguliwa, ruksa. Bidhaa zikamiminika Kariakoo, na kati ya mitumba na redio za Dubai vikaja vinanda vidogo vya Casio, vingine kama vya kuchezea watoto. Nani angedhani? Vijana wa uswahilini wakavichukua, wakaviunganisha na spika za honi zinazokwaruza, wakaweka ngoma za Kizaramo chini yake, mmoja akapiga kigoda kwa vijiti, mwimbaji akashika maiki akaanza kusema maisha yalivyo. Ndiyo mchiriku. Wapenzi wa dansi waliona ni kelele za wahuni. Serikali za mitaa zikawa zinaipiga marufuku mara kwa mara. Jagwa Music wa Mwananyamala walifika mpaka kwenye albamu iliyotolewa Ubelgiji mwaka 2012, kina kinanda chao kilekile kilichochakaa.

Mimi naiona mchiriku kama tukio kubwa kuliko inavyopewa heshima. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za vilabu, waliopiga walikuwa wenye vyombo. Wakichangishana wanne wananunua. Hakuna stoo, hakuna kitambulisho cha kazi, na matokeo yake ngoma haikuingizwa kwa adabu ndani ya dansi. Ilisimama mbele, umeme ukaifuata. Kutoka humo ndipo singeli ilipopata damu yake, Manzese, Tandale na Mburahati, kompyuta moja chumbani, vipande vya taarabu na mchiriku vinakimbizwa kupita mapigo 200 kwa dakika. Wazee wa chemko wanaziba masikio. Nao walizibiwa.

Na wale wa zeze na saksafoni waliozua ubishi wetu? Wapo, na wengine ni wazuri kwelikweli. Msafiri Zawose ameitoa ilimba ya baba yake kwenye mkeka akaipeleka kwenye bendi. Leo Mkanyia na Swahili Blues Band wanapiga kitu ambacho mgeni atakiita bluzi na jazi. Ila Leo ni mtoto wa mpiga gitaa la dansi, Henry Mkanyia, na mtu aliyelelewa chini ya gitaa hilo haendi Ulaya kujifunza kuchanganya. Wakati mwingine, nakiri, jukwaani naona zeze limeshikwa kama pambo, linapigwa mara mbili kisha linawekwa chini ili gitaa liendelee na kazi. Hapo mshikaji ana hoja.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjomba Kariakoo kununua betri ya redio. Mtaa wa Kongo kuna kijana ana meza, kompyuta na spika. Unampa flashi anakujazia nyimbo. Alikuwa anapiga zilipendwa kuita wateja. Mjomba akasimama. Akasikiliza mpaka chemko, vidole vikawa vinapiga juu ya paja, akaniambia kwa sauti ndogo, huyo ni mimi. Yule kijana akaona mteja.

"Mzee wangu shikamoo. Hiyo ninayo na zingine mia mbili. Elfu mbili tu nakujazia."

"Marahaba," mjomba akasema, akaingiza mkono mfukoni akaanza kuhesabu.